Kumwogesha Mzee Bila Vita

Ukitaka kumjua mhudumu hodari katika nyumba ya wazee, msubiri siku ya kuogesha. Bafuni ndiko mkazi mwenye dimenshia, aliyekuwa mtulivu tangu asubuhi, hupiga mayowe, huparura na kuuma, na faili lake likaandikwa kwamba ni mkorofi.

Si mkorofi. Hajui kwa nini yuko pale. Watu asiowatambua wanamvua nguo kwenye chumba chenye baridi, bega linalouma linainuliwa kwa nguvu, kisha maji yanamwagika utosini kutoka mahali asipopaona. Nani asingepigana?

Mhudumu stadi huanza kazi kabla bomba halijafunguliwa. Hupasha chumba joto, na taulo na sabuni huziweka karibu ili asimwache mzee peke yake akatafute kitu. Viungo vikimsumbua mzee, humwomba nesi ampe dawa ya maumivu mapema. Humjia kwa mbele, maana dimenshia huweza kupunguza upana wa eneo analoliona. Huinama hadi nyuso zao zilingane, humwita kwa jina, halafu husubiri. Kusubiri huko ndiko wengi wetu tusikokuweza. Sentensi fupi ikishasemwa, akili ya mzee huhitaji muda kuipokea, na anayeirudia haraka kwa maneno mengine humrudisha mwanzo.

Maji huanzia miguuni, yakapanda polepole. Kichwa huwa cha mwisho, au huachiwa siku nyingine. Mwili hausitiriwi kwa maneno tu: taulo hubaki mabegani na mapajani, na kusugua hufanyika chini yake. Kitambaa huwekwa kiganjani mwa mzee mwenyewe, mkono wa mhudumu ukikitegemeza kwa chini, na mara nyingi mkono wa mzee hushika njia yake hadi shingoni na kwapani. Jina la mwanawe huenda limeshapotea, lakini kujiosha bado kumo mikononi.

Namna ninayoistahi kuliko zote haihitaji hata bafu. Taulo kubwa hulowekwa ndani ya mfuko wenye maji ya moto kiasi na sabuni isiyohitaji kusuuzwa, kisha hukamuliwa. Mzee amelala kitandani kwake, amefunikwa shuka kavu. Taulo lenye joto hutandazwa juu yake huku shuka likiondolewa kidogo kidogo, hivyo hakuna hata dakika anayobaki uchi. Mhudumu humkanda kupitia taulo hilo, miguu, tumbo, mikono, kisha humgeuza kwa upole na kuosha mgongo kwa taulo la pili. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani, wakiwemo muuguzi Joanne Rader na daktari Philip Sloane, walichapisha matokeo ya kuilinganisha njia hii, na ile ya bafuni inayofuata mahitaji ya mzee, na uogeshaji wa kawaida. Kwa njia zote mbili, visa vya kupigana vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Huko Marekani mikono inayofanya kazi hii mara nyingi ni ya wahamiaji, wakiwemo Wakenya wengi, nao husifiwa kwamba Waafrika wana huruma ya asili. Sifa hiyo siipendi. Inaufuta ufundi. Huruma peke yake haikufundishi kuanzia miguuni. Sheria ya shirikisho ya 1987 inadai mafunzo ya saa 75 tu kwa mhudumu. Mengine yote ameyaokota kazini, kwa malipo madogo, akiwa na wazee wengine wanaomngoja na saa ikimkimbiza.

Ndiyo maana namheshimu zaidi yule anayejua kuacha. Leo huosha uso, makwapa na sehemu za siri, basi, kesho atarudi. Kisha huwaandikia wenzake wa zamu ijayo: anapenda maji yawe moto zaidi, anza na mguu wa kushoto, bega la kulia usiliinue. Maelezo hayo yanastahili kukaa kwenye faili, pale palipoandikwa kwamba ni mkorofi.