Hongera, Walimu wa Kusikiliza na Kuzungumza

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulipima Kiswahili kwa karatasi na kalamu tu. Hata hivyo, wako walimu wa shule za msingi nchini Kenya ambao hawakuacha vitendawili, vitanzandimi na hadithi. Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, Kusikiliza na Kuzungumza ni mada inayojitegemea. Anayeitia uhai ni mwalimu: humngoja mtoto mwenye haya amalize sentensi yake, huwakanya wanaomcheka, kisha humgeukia aliyekuwa akisikiliza na kumuuliza, "Haya, mwenzako amesema nini?" Kazi hiyo haionekani daftarini, lakini ndiyo inayomwezesha mtoto kuuliza, kueleza na kujitetea. Walimu wetu, hongereni. Nasi wazazi tuwaunge mkono: jioni tuzime televisheni, tuwasikilize watoto.