Jero Kiganjani: Tulivyochagua Kitabu cha Kujifunzia Viinimacho vya Sarafu

Mpwa wangu ana duka Bumbuli, kwenye milima ya Usambara, na kwa miezi minne sarafu ya shilingi mia tano, yaani jero, ilikuwa ikimwanguka mbele ya wateja. Alikuwa amemaliza mabando kadhaa akitazama video, na mbinu za kuchezea sarafu alizozijua kwa jina zilikaribia thelathini. Hata moja haikumkaa mkononi. Aliponiita nimsaidie aliniambia, "Mjomba, vidole vyangu vizito." Nilikaa dukani kwake siku mbili nikivitazama vidole hivyo. Uzito sikuuona. Nilichoona ni mtu aliyepewa matofali ya ghorofa ya tatu kabla hajachimba msingi.

Mchezo alioanza nao ndio ambao video nyingi huanza nao. Unashika sarafu kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto, mkono wa kulia unakuja kama unaichukua, kumbe sarafu inadondoka na kubaki kushoto. Huko Ulaya na Marekani wanauita mdondosho wa Kifaransa. Unaonekana rahisi, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu unadai mambo matatu kwa mpigo. Sarafu lazima idondoke mahali pamoja kila mara na itulie hapo. Mkono wa kulia, ulio mtupu, lazima ufumbe kama mkono ulioshika kitu chenye unene na uzito. Na macho yako lazima yaufuate ule mkono mtupu, kwa kuwa mtazamaji hutazama pale unapotazama wewe. Video inaonyesha yote matatu ndani ya sekunde nne. Mpwa wangu alijifunza la kwanza nusu, la pili robo, na la tatu hakulijua kama lipo. Kila alipocheza, macho yake yalikuwa yameganda kwenye mkono wa kushoto, yakiulinda. Wateja nao wakautazama huo huo.

Kulikuwa na kosa jingine lililonichukua muda kuling'amua. Mwalimu wa kwenye simu amekaa mkabala na kamera, kwa hiyo mkono wake wa kulia unaonekana upande wako wa kushoto. Kijana alikuwa amejifunza nusu ya mchezo kwa mkono mmoja na nusu kwa mwingine, bila kujua.

Tukaamua kuweka simu pembeni na kutafuta kitabu. Tulichokichagua ni Modern Coin Magic cha J. B. Bobo, kilichotoka mwaka 1952, na toleo la bei nafuu la kampuni ya Dover la mwaka 1982 linapatikana kwa urahisi kuliko lile la kwanza. Jaladani kinajinadi kuwa na mbinu 116 na michezo 236. Hesabu hiyo haikunivutia. Mtu atakayeimaliza orodha yote hiyo sijamwona. Kilichonivutia ni sura ya kwanza. Inafundisha kuficha sarafu tu. Mchezo wa kuonyesha watu hauji kwanza. Inaeleza sarafu ikae wapi, ibanwe na nyama gani ya mkono, na mkono uonekane vipi ikiwa ndani. Baada ya hapo ndipo zinakuja mbinu, na michezo inafuata nyuma.

Kuna sababu nyingine iliyonifanya nimwamini Bobo. Alikuwa mtu wa Texarkana, Texas, na riziki yake kubwa aliipata kwa kuonyesha mazingaombwe mashuleni. Sisi tuliosoma shule ya msingi Tanzania tunamjua mtu wa namna hiyo: anakuja na begi lake, mwalimu mkuu anawakusanya wanafunzi, na kwa senti chache mlizotoka nazo nyumbani mnaona noti ikitoka kwenye karatasi tupu na sarafu ikichumwa sikioni mwa mwenzenu. Watoto ni watazamaji wagumu. Wengine wamekaa chini wanakuona kwa kutokea miguuni, wengine wamepanda dirishani wanakuona kwa nyuma ya bega, na hakuna hata mmoja anayetazama pale adabu inapomwelekeza. Mbinu iliyodumu mbele yao itadumu pia mbele ya wateja wa duka, ambao nao husimama popote.

Basi tukaanza ukurasa wa kwanza. Sarafu inalazwa katikati ya kiganja, ikibanwa upande mmoja na nyama iliyo chini ya dole gumba na upande wa pili na nyama iliyo chini ya kidole cha mwisho. Vidole vyote vitano vinabaki huru. Anayejifunza hukaza mkono mzima na kuufanya uonekane kama wa mtu aliyeshikwa na ganzi. Mbano unaotakiwa ni mdogo sana, na mkono uonekane hauna kazi. Kipimo tulichojiwekea ni daftari la madeni. Kama unaweza kuandika deni la mtu, jina na kiasi, huku jero imo kiganjani na haionekani, umeanza kuiweza. Kwa wiki nyingi mpwa wangu alipima sukari, akamimina mafuta ya taa na kurudisha chenji akiwa na sarafu mle ndani. Hakumwonyesha mtu yeyote mchezo wowote. Hilo ndilo lililokuwa gumu kwake kuliko mbano wenyewe.

Nilimsimulia habari za T. Nelson Downs, aliyekuwa karani wa telegrafu kwenye stesheni ya reli huko Iowa. Kati ya treni moja na nyingine alikuwa na muda na sarafu, basi akazizoeza. Mwaka 1899 alipanda jukwaa la Palace Theatre, London, akijulikana kama Mfalme wa Sarafu. Duka la Bumbuli saa nane mchana, watu wakiwa shambani, halina tofauti kubwa na stesheni ile.

Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya nusu dola ya Marekani ya wakati huo, yenye kipenyo cha milimita 30.6 na uzito wa gramu 12.5. Jero yetu, iliyoanza kutumika Oktoba 2014 kwa sababu noti yake ilichakaa haraka mikononi mwa watu, ina milimita 27.5 na gramu 9.5. Tofauti ya milimita tatu ni ndogo ukiitazama mezani, lakini kiganjani ni kubwa. Kwa mkono mpana, sarafu ndogo haifiki kwenye nyama zote mbili na inabidi ubane zaidi. Kwa mkono wa kijana mwembamba ni nafuu. Tulijaribu pia mia mbili, ikawa ndogo mno kwa kubana kiganjani ingawa inalala vizuri kwenye mashina ya vidole vya kati na vya pete. Sarafu ya hamsini ina pembe, iache. Katika kopo la marehemu baba yangu tulikuta shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, yenye simba mbele ya milima. Ina milimita 27.8. Mkono uliozoea jero unaipokea kana kwamba wamezaliwa pamoja, na mpwa wangu sasa anaipenda kuliko zote kwa sababu wazee wakiiona wanaacha walichokuwa wakisema.

Baridi ni jambo ambalo mwanafunzi wa Tanga mjini hatalijua. Juni na Julai ukungu ukishuka, ngozi ya mkono hukauka, na kiganja kikavu hakishiki chuma. Mkono ulioshika jembe asubuhi nao una sugu zinazoteleza. Dawa tuliyoipata ni kunawa maji ya vuguvugu, kufuta, kisha kupaka mafuta kidogo mno na kusubiri yanywewe na ngozi. Ukicheza papo hapo baada ya kupaka, sarafu inachomoka kama sabuni.

Kazi iliyotusaidia kuliko nilivyotarajia ilikuwa ya maneno. Kitabu ni cha Kiingereza, na kijana alikuwa akikariri majina bila kuyaona mkononi. Tukayatafutia Kiswahili. Ile ya katikati ya kiganja tuliiita kufumbata. Ile ya mashina ya vidole, kulaza. Ile ya kwenye pengo la dole gumba, kubana gumbani. Siku tulipopata neno kulaza, mkono wake ulilegea hapo hapo. Neno la Kiingereza halikuwa limemwambia kuwa sarafu imelala na kwamba anayelala hakabwi.

Baada ya hapo tulirudi kwenye video, lakini moja tu, na kwa kazi moja. Kitabu kinakuonyesha mahali. Hakiwezi kukuonyesha mwendo. Picha iliyochorwa haisemi mkono ukae kwa muda gani kabla ya kufungua. Tulichagua mwalimu ambaye kamera yake inatazama kutokea nyuma ya bega, ili mkono wake wa kulia uwe upande wa mkono wako wa kulia, tukaondoa sauti na kupunguza kasi kwa nusu. Kabla ya kuiga, kijana alitakiwa kuichukua sarafu kwa kweli mara kumi, bila hila, huku nikimrekodi. Kisha aiache kwa hila mara moja. Tukalinganisha. Ile ya kumi na moja ilipofanana na zile kumi, tulisonga mbele. Kitabu cha David Roth cha mwaka 1985, Expert Coin Magic, tulikiweka kando kwa heshima. Ni kazi kubwa, lakini kinamtaka msomaji ambaye misingi hii tayari imo mkononi mwake.

Na kuna kigezo cha mwisho, ambacho kwa huku kwetu ningekiweka cha kwanza. Video kadhaa zilimfundisha maneno ya kusema wakati wa kucheza: ninaona mawazo yako, nina nguvu. Nilimkataza. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa 1928 na inayotumika hadi leo, inamhesabia kosa anayejidai kwa maneno au matendo kuwa na nguvu za uchawi, na hata bila sheria, katika kijiji ambacho mtu akiugua watu wanauliza nani kamwangalia vibaya, maneno hayo yanaweza kumgharimu mwenye duka jina lake. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot aliandika kitabu kupinga kuonewa kwa watu walioitwa wachawi, na ndani yake akaeleza jinsi fedha inavyofichwa kiganjani, ili watu waone kuwa ni mkono tu. Wasambaa, wenyeji wa milima hii yetu, nao walikuwa na maneno mawili kwa uwezo wa mtawala: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Uwezo ni ule ule. Vidole vinavyofumbata jero dukani ndivyo vinavyochezesha karata tatu stendi na kumwacha msafiri bila nauli. Kwa hiyo mpwa wangu husema wazi kabla ya kuanza: "Hiki ni kiinimacho, nimejifunza." Hakuna aliyepungukiwa na furaha kwa kuambiwa hivyo.

Mkono wa kulia sasa unaandika madeni na shilingi ya simba imo ndani. Wa kushoto bado. Ikipita dakika mbili inateleza na kulia juu ya meza ya duka. Tangu Jumatatu anapimia sukari kwa kushoto.