"Hati", "Jaribio" na "Kujikaribisha": Istilahi Tatu Zipotoshazo

Katika maelezo ya Kiswahili yahusuyo zana ndogo za kompyuta, tumekutana mara kwa mara na istilahi tatu: "hati", "jaribio" na "kujikaribisha". Zote zimezaliwa kwa kulitazama neno la kigeni, si kazi inayotendeka. Tunaonelea kwamba hii ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote.

Kinachokusudiwa ni kuiendesha programu katika seva uimilikiyo na kuitunza mwenyewe, badala ya kukodi ya kampuni ya mbali. Lakini kwa Mswahili, anayejikaribisha ni mgeni aliyeketi kabla ya kuambiwa karibu. Maana imepinduka: mwenye nyumba amegeuzwa mdoezi. Na jambo lenyewe si dogo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, huduma za intaneti zilizorota nchini. Mwenye seva yake chumba cha pili aliweza kuendelea kuyasoma majalada yake. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imelifanya suala la nani anatunza taarifa za nani kuwa la kisheria.

Wasanifishaji wangeelekeza macho wilayani Same. Katika Milima ya Upare, na miteremkoni kama Bangalala, wakulima wana ndiva: bwawa dogo lijengwalo juu ya mashamba, ambalo hukusanya maji ya mfereji usiku na kuyatoa mchana kwa zamu. Wanaolitumia ndio wanaoliondoa tope. Seva ya shule au ya ushirika hufanya vivyo hivyo. "Ghala" halitoshi, kwa kuwa ghala huhifadhi tu. Ndiva huhifadhi na kugawa. Yumkini atatokea wa kupinga kwamba ndiva ni ya wengi, ilhali seva hii ni ya mtu mmoja. Hoja hiyo nayo imetoka katika lile neno la kigeni. Seva za namna hii aghalabu hutumiwa na familia au ofisi nzima. Wala kukopa kwa Wapare si uzushi: "kitivo" cha vyuo vikuu hutajwa kuwa kilitoka kwao na kwa Wasambaa, na hatujamsikia mwanafunzi akilalamika. Tendo lenyewe liitwe "kujitunzia".

Kuhusu "hati", hatuna haja ya maneno mengi. Neno hili limekwisha kutwishwa hati miliki ya ardhi, hati ya mashtaka na hati safi ya Mkaguzi Mkuu. Karani wa ardhi akiambiwa "endesha hati, kisha uifute", ana haki ya kusita. Kumbe ni mistari michache ya amri ambazo mashine huzitekeleza kwa mfuatano. "Skripti" ibaki ilivyo.

"Jaribio" lina ila iliyojificha zaidi. Kujaribu ni kutenda bila kujua kama utaweza. Kupima kunadai kipimo kilichowekwa kabla. Skripti inayoiuliza seva swali lilelile kila baada ya dakika tano, ikalinganisha jibu na lile lililotarajiwa, haijaribu kitu: inapima. Tofauti hii inamgusa mtumiaji, kwani akisoma kwamba programu "hufanyiwa majaribio kila siku" atadhani haijakamilika, kumbe ndiyo iliyokaguliwa sana. Basi na tuseme "upimaji wa programu". "Majaribio" yaachiwe toleo la awali, lile ambalo watu hupewa ili walitumie na kutoa maoni.