Mafuta, Nta na Masalia: Istilahi za Kusoma Mashapo ya Kale

Katika makala haya tunakusudia kuchambua istilahi chache za elimu inayochunguza mazingira ya kale kwa njia ya molekuli za viumbe zilizosalia ndani ya mashapo. Baadhi ya ushahidi wake muhimu umetoka nchini mwetu. Kwa hiyo wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali hawana budi kuieleza kwa Kiswahili kisichopotosha.

Msingi wa elimu yenyewe ni mwepesi kufahamika. Mkazi wa Segerea ameona jinsi maji ya masika yanavyoteremka kuelekea Bonde la Msimbazi yakikokota udongo na majani makavu, ambayo mto huyafikisha baharini. Jani huoza upesi, lakini nta iliyolifunika huchelewa kuoza. Nta hiyo hushikamana na chembe za udongo, huzikwa pamoja nazo, na ikihifadhika vizuri huweza kudumu mamilioni ya miaka. Ndivyo ilivyo pia kwa lipidi za utando wa seli za vijiumbe vya majini. Mkemia akizitenga molekuli hizo hutambua jamii ya viumbe vilivyoziacha, na pengine hukadiria joto la maji au hali ya mvua ya zama hizo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa utafiti ulioshirikisha wataalamu wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania ulichoronga mashapo ya Kilwa na Lindi. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba molekuli za mfinyanzi huo, wenye umri wa makumi ya mamilioni ya miaka, zimehifadhika vizuri mno, kwa kuwa haukuwahi kuzikwa kina kirefu hata ukapikwa na joto la ardhini. Mwaka 2008 mashapo ya Ziwa Tanganyika yalitoa habari za joto na mvua za miaka 60,000. Na mwaka 2013 nta ya majani ya Olduvai ilionyesha jinsi nyika na pori vilivyopokezana huko karibu miaka milioni mbili iliyopita.

Kasoro ya kwanza ya kuepukwa ni kuziita molekuli hizi "mafuta". Kwa mkemia kosa ni dogo, maana nta na mafuta ya kupikia ni jamaa. Lakini fikiria taarifa hiyo ikisomwa Kilwa, wilaya ambayo gesi yake ya Songo Songo ilianza kuzalishwa mwaka 2004. Wanakijiji wameona mtambo wa kuchoronga, wamesikia jina la shirika la petroli, kisha wanasomewa kwamba "mafuta ya kale yamepatikana katika mashapo". Watauliza haki yao iko wapi, na swali lao litakuwa halali. Aliyekosea ni mfasiri. Isitoshe, wanajiolojia wa petroli nao hutumia molekuli za namna hii kutambua asili ya mafuta, jambo linalozidisha haja ya kutenganisha maneno. Kwa maoni yetu, jamii nzima iitwe "lipidi", na inayotoka katika majani iitwe kwa jina lake la siku zote, "nta ya majani".

Kasoro ya pili ni kutumia neno moja, "alama", "kiashiria" au "bayomaka", kwa mambo matatu. "Alama" humfanya mwanafunzi adhani kuna aliyeiweka makusudi. "Bayomaka" inafaa zaidi kuachiwa waganga na vipimo vyao vya damu. "Kiashiria" ni neno zuri, ila mahali pake ni pengine. Tunapendekeza kitu chenyewe kilichobaki kiitwe "masalia ya kimolekuli". Kipimo kinachokokotolewa kutokana nacho kiitwe "kiashiria". Na tunachosema juu ya zama hizo kiitwe "hitimisho".

Tuchukue mfano wa Olduvai. Nta ya majani ni masalia. Uwiano wa isotopu za kaboni ndani yake ni kiashiria, kwa kuwa nyasi nyingi za nchi za joto hunasa kaboni kwa njia tofauti na miti. Kwamba nyika iligeuka pori ni hitimisho. Baina ya hatua hizi kuna nafasi ya kukosea: nta itakayokutwa mdomoni mwa Msimbazi huenda imetoka vilima vya Pugu, wala si lazima ieleze miti iliyoota pale ilipookotwa. Mwanafunzi aliyepewa neno moja kwa yote matatu hana pa kusimama aulize, "Mmejuaje?"

Istilahi hizi tunaziweka mbele ya wasomaji wazipime. Mwenye neno bora alilete, na kabla ya kulileta alijaribu kwanza kwa sentensi moja itakayosomwa hadharani kwenye mkutano wa kijiji. Ikiwa wasikilizaji wataelewa kwamba kilichochimbuliwa ni masalia ya majani na vijiumbe, na kwamba joto na mvua za kale ni makadirio yaliyotokana nayo, neno hilo litastahili kusanifiwa.