Vitenzi vya Makumbusho: Kupatikana, Kutekwa na Kunyang'anywa

Mgeni aingiaye British Museum mjini London hulikimbilia Jiwe la Rosetta apate kuyaona maandishi yake ya hieroglifu, ya kidemotiki na ya Kiyunani. Wachache huinama kulitazama ubavuni, ambako pana maandishi ya nne, ya Kiingereza, yaliyopakwa kwa rangi. Ubavu mmoja wasema kwamba jiwe lilitekwa Misri na jeshi la Waingereza mwaka 1801. Wa pili, kwamba lilitolewa tunu na Mfalme George wa Tatu.

Kitenzi cha kwanza kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda ametajwa waziwazi. Askari wale hawakuona haya. Haya ilikuja baadaye. Orodha za makumbusho siku hizi hutaja tarehe ya kupatikana kwa kitu, na mfasiri wa Kiswahili huvutwa mara moja na umbo la -ikana: sanamu za shaba za Benin zilipatikana mwaka 1897. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Lakini umbo hilo halina nafasi ya mtenda, na kwa hiyo lauficha msafara wa kijeshi wa Februari mwaka ule, moto ulioteketeza jumba la kifalme, na Oba Ovonramwen kuhamishiwa Calabar. Kupatikana ni kwa ng'ombe aliyepotea.

Almasi ya Koh-i-Noor, itunzwayo katika Tower of London, ina hila ya namna nyingine. Mkataba wa Lahore wa mwaka 1849 wamtaja Maharaja Duleep Singh kuwa ndiye amkabidhiye Malkia almasi hiyo. Mtenda yupo, tena kwa cheo chake. Ila alikuwa mtoto wa miaka kumi, na nchi yake ilikwisha kushindwa vitani.

Hata hivyo maandishi ya ubavuni mwa jiwe yasisifiwe kupita kiasi. Yamtaja aliyeteka, hayamtaji aliyetekewa: Wafaransa waliolivumbua Rashid mwaka 1799 hawamo, wala Wamisri wenyewe. Hapa kitenzi cha kunyang'anya chafaa zaidi, kwani yambwa yake ya kwanza ni mtu, ndipo kifuate kitu. Kikigeuzwa kutendwa, asimamaye mwanzo wa sentensi ni yule aliyepoteza: watu wa Benin walinyang'anywa sanamu zao na jeshi la Waingereza mwaka 1897.

Yupo atakayesema kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuwa mkali kuliko matini. Ni kweli, na kwa kitu kilichouzwa kwa hiari, kununuliwa kwatosha. Lakini mwaka 2022 mwenyekiti wa Horniman Museum, London, alipoeleza sababu ya kurudisha Nigeria milki ya vitu 72 vya Benin, alikitumia kitenzi kile kile cha orodha, akakiongezea kwamba ilikuwa kwa nguvu. Mfasiri akiandika kwamba vitu hivyo vilipatikana kwa nguvu, msomaji wa Kiswahili atadhani vilipatikana kwa taabu.