Faillir na Nusura: Tatizo la Kufasiri Tendo Lisilotimia

Mwanafunzi wa Kifaransa huambiwa mapema kwamba kitenzi faillir ni sawa na "karibu". Fasiri hiyo ni nyepesi kushika, lakini yaficha tofauti ambazo mfasiri hana budi kuzijua.

Na yatazamwe maneno haya mawili: il a failli mourir, na il était presque mort. Kwa kutumia "karibu", yote mawili huishia "alikuwa karibu kufa". Hali la pili laeleza hali: mtu yu taabani, pumzi zamwishia. La kwanza laeleza tukio ambalo halikutokea. Mhusika aweza kuwa mpita njia aliyepitwa ubavuni na gari, asipate hata mchubuko. Mfasiri asiyetenganisha hayo humlaza kitandani mtu mwenye afya yake.

Faillir asili yake ni Kilatini, fallere, yaani kudanganya au kukosea. Kwa hiyo j'ai failli tomber, neno kwa neno, ni "nilikosa kuanguka". Kiswahili hakikubali, kwani aliyekosa kuanguka ni kama aliyetamani kuanguka asifanikiwe. Hata hivyo, kitenzi hicho hicho kikirudufishwa hufika pale pale: "alikoswakoswa na risasi". Nusura nalo, lenye asili ya Kiarabu, ni jamaa wa kunusuru na kunusurika. Mfaransa huona tukio limekosa kutimia. Mswahili huona mtu ameokolewa. Ndiyo maana il a failli gagner ni sentensi ya kawaida, ilhali "nusura ashinde" huweza kumfanya msikilizaji aulize ushindi huo ulikuwa na balaa gani. Hapo "ilibaki kidogo ashinde" ni afadhali.

Hatari kubwa zaidi imo katika kitenzi -taka. Kiswahili husema "jua lataka kuchwa", na "mtoto alitaka kuanguka", pasipo nia yoyote. Lakini il a failli se tuer, ambayo aghalabu husemwa juu ya ajali, ikifasiriwa "alitaka kujiua", ajali imegeuzwa kuwa kusudi, na mhusika amesingiziwa jambo zito. Ifaayo ni "nusura afe".

Fauka ya hayo, Kifaransa chaweza kuacha faillir kabisa: un peu plus, le train déraillait. Kitenzi kimo katika njeo ya imparfait, kana kwamba ajali imekwisha kuanza kutendeka. Kiswahili chadai -nge- au -ngali-: "kidogo tu, gari-moshi lingaliacha reli". Maana imehifadhiwa, mshtuko umepungua. Upungufu huo ni wa sarufi, wala si wa mfasiri.

Basi faillir halina kisawe kimoja. Kabla ya kuchagua neno, mfasiri na aulize: lililokaribia lilikuwa heri au shari, na je, palikuwa na nia?