Kijiji Kinachoungua katika The African Queen

John Huston aliipigia filamu hii Kongo na Uganda, ikatoka mwaka 1951. Hadithi ni ya mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vinapoanza, katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Mapema kabisa askari wa Wajerumani wanakitia moto kijiji cha misheni na kuwaswaga wenyeji. Mchungaji Samuel anajaribu kuwazuia, anapigwa, kisha anaugua na kufa.

Tazama kamera inavyogawa huruma. Wanakijiji tunawaona kwa wingi wao tu, wakikimbia huku na huko. Hakuna anayepewa jina. Samuel anapewa picha za karibu, saa zake za mwisho, na kaburi. Kisha Rose, dada yake Samuel, na Charlie mwenye mashua wanashuka mtoni, na walioswagwa hatuwaoni tena. Moto ule umeshampa Rose sababu ya kulipiza kisasi, na filamu haiwahitaji zaidi. Ndivyo swali gumu la vita linavyoondolewa kabla halijaulizwa: mwovu ni mmoja, na tunamjua kwa sare yake.

Huku kwetu Sikonge, mkoani Tabora, katika vita hivyo hivyo uovu haukuwa na sare moja. Wabelgiji waliiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Mwaka uliofuata safu ya Kapteni Max Wintgens, iliyojitenga na jeshi kuu la Wajerumani, ilipita Kitunda, wilayani mwetu, ikila vya wanavijiji. Katika jeshi hilo Wanyamwezi walikuwa wengi, hivyo askari angeweza kumnyang'anya mwenye ghala huku wakisemezana Kinyamwezi. Mei 1917 Wintgens, akiwa mgonjwa, alijisalimisha kwa Wabelgiji. Heinrich Naumann akaendelea na safu. Waliokuwa wakiwafukuza nao walitaka unga na mabega ya watu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita vile wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi kwa maradhi na njaa.

Njia ya kuirekebisha kamera ipo. Katika Majubs Reise (2013), Eva Knopf alichukua filamu za zamani za Kijerumani ambamo Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa askari mtoto katika vita hivyo, alicheza vijisehemu vya mtumishi. Akamvuta kutoka nyuma ya nyota hadi awe ndiye tunayemtazama. Husen alifia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Knopf alikuwa na picha za kuanzia. Atakayeigiza Kitunda ya 1917 itambidi aitunge mwenyewe ile picha ya karibu: askari mlangoni pa ghala, akijibiwa kwa lugha ya mama yake. Ningependa kamera ibaki hapo ghalani hata safu ikishaondoka.